Archer T3U Plus kwa laptopu inayokatakata Wi-Fi: pima kwanza, nunua baadaye

Archer T3U Plus ya TP-Link ni adapta ya Wi-Fi ya USB yenye antena ya kukunja, na kazi yake ni moja tu: kushika nafasi ya kadi ya Wi-Fi iliyochoka au iliyo dhaifu ndani ya laptopu. Kazi hiyo inaifanya vizuri. Lakini haitengenezi ruta mbovu, haiongezi bando, na faiba ikikatika huko barabarani haina la kufanya. Anayeichukua dukani Barabara ya Sokoine, Arusha, au katikati ya mji wa Moshi bila kujua tatizo liko wapi, anaweza kufika nyumbani akaichomeka na Wi-Fi ikaendelea kukata vilevile. Ndiyo maana tathmini hii inaanza na vipimo. Vyote ni vya bure na havihitaji fundi.

Kipimo cha kwanza ni simu. Iweke kando ya laptopu, zote mbili ziwe kwenye Wi-Fi ileile, kisha zima data ya simu. Usipoizima, Wi-Fi ikikata simu itahamia kwenye bando lake kimyakimya, nawe utadhani Wi-Fi iko sawa. Laptopu ikikata na simu ikaendelea kufungua kurasa, mshukiwa ni laptopu. Zikikata zote kwa pamoja, acha hela mfukoni. Shida iko kwenye ruta au kwa mtoa huduma.

Kipimo cha pili kinaeleza zaidi. Fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri), andika ipconfig, utafute namba iliyo mbele ya Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Ruta nyingi za faiba za Huawei hutumia 192.168.100.1; nyingine ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa fungua madirisha mawili ya Command Prompt. La kwanza liandike

ping -t 192.168.100.1

ukiweka anwani ya ruta yako mwenyewe, na la pili, linaloulizia seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti,

ping -t 8.8.8.8

Yaache yaende huku ukiendelea na kazi zako. Wi-Fi ikisumbua, yatazame. Dirisha la ruta likiendelea kujibu huku la pili likisema "Request timed out", laptopu na ruta wanaelewana vizuri, na kilichokatika kiko nje ya nyumba. Hakuna adapta duniani itakayokusaidia hapo. Yakigoma yote mawili kwa "Request timed out", mawimbi kati ya laptopu na ruta ndiyo yanayopotea: umbali, ukuta, au msongamano wa mitandao ya majirani. Ukiona "General failure", laptopu imejiondoa yenyewe kwenye mtandao, na hapo unatazama kadi, draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi), au Windows iliyoizima kadi ili kuokoa betri. Angalia pia muda wa majibu. Ukiwa chumba kimoja na ruta, majibu yake kwa kawaida huwa chini ya milisekunde 10. Yakiruka kutoka 3 kwenda 900 na kurudi, tayari kuna vurugu hewani hata kabla Wi-Fi haijakata kabisa.

Kipimo cha tatu ndicho kinachofichua laptopu za mtumba. Simama mita moja au mbili kutoka kwenye ruta na uandike

netsh wlan show interfaces

Tafuta mstari wa Signal. Kwa umbali huo unatakiwa kuona zaidi ya asilimia 90. Ukiona 50 au 60, antena ya ndani haifanyi kazi yake. Laptopu nyingi huweka antena juu ya kioo, na nyaya zake nyembamba, moja nyeusi na moja nyeupe au ya kijivu, hupita kwenye bawaba hadi kwenye kadi iliyo chini. Laptopu iliyowahi kubadilishwa kioo, kukazwa bawaba au kufunguliwa kusafishwa vumbi inaweza kurudi na waya mmoja ukiwa umechomoka au umebanwa. Rudia amri hiyo huku ukisogeza kioo taratibu, mbele na nyuma. Asilimia zikicheza pamoja na kioo, waya umeumia kwenye bawaba. Kabla ya kununua chochote mpe fundi aichungulie, kwa sababu waya uliochomoka hurudishwa kwa dakika chache na kwa gharama ya ufundi tu.

Ukitaka kumbukumbu ya siku tatu zilizopita, fungua Command Prompt kama Administrator na uandike netsh wlan show wlanreport. Windows itatengeneza ukurasa na kukuonyesha umehifadhiwa wapi; ufungue kwa kivinjari. Kila mkato una saa yake na sababu yake. Sababu zikirudia kuitaja draiva, kadi au programu yake ina walakini, na hapo T3U Plus inaanza kuwa na maana.

Yapo mambo matatu ambayo hapa kwetu huonekana kama kadi mbovu, kumbe siyo.

La kwanza ni umeme. Nyumba nyingi za Njiro, Moshono au Shanty Town zina ruta iliyofungwa kwenye inverta au betri ndogo ya volti 12, kwa hiyo umeme ukikatika ruta haizimi. Laptopu yenyewe inahamia betri. Kwenye mpango wa Balanced, Windows ikiwa kwenye betri huipunguzia kadi ya Wi-Fi nguvu, na kadi za zamani hazipendi hilo hata kidogo. Mtu anaona mtandao unasumbua umeme ukikatika, analaumu ruta. Dawa yake: ingia Control Panel, Power Options, kisha Change advanced power settings, fungua Wireless Adapter Settings na uweke Maximum Performance kwenye On battery. Laptopu mpya huwa zimeificha sehemu hiyo. Kwa hizo, na hata kwa zile za zamani, nenda Device Manager, Network adapters, bofya jina la kadi mara mbili, ingia Power Management kama ipo na uondoe tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Fanya hivyo kabla ya kufikiria kwenda dukani.

Upande wa ruta, umeme unaoshuka na kupanda huifanya ijizime na kujiwasha bila taa za nyumba kuonekana kukatika. Ruta inayojiwasha upya huchukua dakika moja au zaidi kurudi hewani, na katika muda huo simu na laptopu zote hukosa. Ukiona hivyo angalia adapta ya umeme ya ruta. Iliyoandikwa 12V 0.5A kwenye ruta inayotaka 12V 1A huwasha taa zote vizuri, halafu huelemewa watu wakianza kutumia.

Jambo la pili ni chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho ruta inarushia mawimbi yake. Laptopu za mtumba zinazotoka Marekani mara nyingi zina kadi zilizofungwa kwa kanuni za kule, ambako chaneli 12 na 13 za bendi ya gigahezi 2.4 (2.4 GHz) kwa kawaida hazitumiki. Ruta iliyoachwa ijichagulie chaneli inaweza kuhamia huko. Simu zinaendelea kuiona, laptopu inaupoteza mtandao kabisa kana kwamba ruta imezimwa, na kesho yake ruta ikirudi chaneli 6 kila kitu kinapona chenyewe. Ni tatizo linalochosha kwa sababu linakuja na kuondoka. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, toa Auto, weka 1, 6 au 11 kwa mkono, na upana uwe 20 MHz. Chaneli hizo tatu ndizo zisizoingiliana, na upana wa 40 MHz kwenye 2.4 unakula karibu uwanja wote na kugombana na majirani.

Kwa 5 GHz, bendi ya pili ya Wi-Fi, chagua kati ya 36 na 48. Chaneli 52 hadi 144 ruta inatakiwa kuzihama mara ikihisi rada, na ikihama inaweza kukaa kimya dakika nzima ikisikiliza kabla ya kurudi hewani. Katikati ya kikao cha video hiyo ni dakika ndefu.

La tatu ni nyumba zenyewe. Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa plasta pande zote mbili unaipunguza sana 5 GHz, na zege lenye nondo la ghorofa linapunguza hata zaidi. Ruta ikiwa sebuleni na wewe chumba cha mwisho, laptopu inaning'inia kwenye ncha ya mawimbi. Hapa T3U Plus inasaidia kweli, lakini kusogeza ruta hadi kwenye korido kunasaidia zaidi na ni bure.

Sasa adapta yenyewe. Kwenye boksi inaandikwa AC1300: megabiti 400 kwa sekunde kwenye 2.4 GHz na 867 kwenye 5 GHz. Hizo ni namba za kiungo cha hewani katika mazingira bora. Ukipata nusu yake kwenye matumizi halisi umepata vizuri. Na kwa mtu mwenye kifurushi cha faiba cha megabiti 20 au 50, kasi siyo hoja kabisa. Hoja ni kwamba ina 5 GHz, ina mikondo miwili ya data, na antena yake iko nje, mbali na bati la laptopu na mikono yako. Kadi nyingi za laptopu za bei ya chini, mfano Realtek RTL8723BE na RTL8723DE zilizowekwa kwenye HP nyingi za wanafunzi, zina mkondo mmoja na 2.4 GHz peke yake. Ukiwa kwenye hosteli ya ghorofa yenye ruta kila mlango, 2.4 GHz imejaa pomoni usiku. Kuhamia 5 GHz ndiko kunakotibu, na adapta hii inakupa njia hiyo bila kufungua laptopu. Hakikisha tu kwamba ruta yako nayo inatoa 5 GHz. Baadhi ya ruta za faiba, mfano Huawei HG8546M, zina 2.4 pekee. HG8145V5 ina zote mbili. Kama ruta haina 5 GHz, nusu ya thamani ya T3U Plus imepotea kabla hujaichomeka.

Ufungaji ni rahisi ila una mitego. Windows 10 na 11 mara nyingi huitafutia draiva zenyewe, lakini zinahitaji intaneti ili kuipata, na wewe intaneti ndiyo huna. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering, na laptopu itapata mtandao kupitia simu kwa muda wa kushusha draiva. Ukiishusha kwenye tovuti ya TP-Link, soma kwanza karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye adapta na uangalie toleo, limeandikwa Ver. Chagua draiva ya toleo hilohilo. Kaa mbali na programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote za kompyuta kwa mbofyo mmoja. Zinaweza kukuwekea draiva isiyo ya chipu yako, ukaishia na tatizo jipya juu ya lile la zamani.

Ikishakubali, utaona mtandao mpya umeitwa Wi-Fi 2. Usiishie hapo. Kadi ya ndani ingali hai, na Windows inaweza kuendelea kuitumia hiyohiyo mbovu. Rudi Device Manager, Network adapters, bofya kulia kadi ya ndani, chagua Disable device. Bluetooth haitapotea, kwa sababu Windows inaihesabu kama kifaa tofauti, na hilo ni muhimu maana T3U Plus haina Bluetooth. Ukimwambia fundi aing'oe kadi ya ndani kabisa, spika na vipokea sauti vyako visivyo na waya vinaondoka nayo.

Halafu ifanyie adapta hii kile ulichoifanyia kadi ya zamani. Kwenye Power Options, fungua USB settings, weka USB selective suspend setting kuwa Disabled. Kwenye Device Manager, chini ya Universal Serial Bus controllers, ingia kila USB Root Hub na uondoe tiki ya kuokoa umeme. Ukiruka hatua hii, Windows inaweza kulilaza tundu la USB, na adapta mpya itakata kama ile kadi uliyoikimbia. Watu wengi huishia kuandika kwamba bidhaa ni mbovu hali tiki hii haijaguswa.

Mahali pa kuichomeka pana maana kuliko wengi wanavyodhani. Kwa 5 GHz tumia tundu la USB 3.0, lile ambalo mara nyingi lina ulimi wa buluu, kwa sababu USB 2.0 ina kikomo cha megabiti 480 na haiwezi kubeba 867. Kwa 2.4 GHz mambo yanageuka. Vifaa vya USB 3.0 vinapofanya kazi hutoa kelele za redio katika eneo la 2.4 GHz, jambo ambalo Intel walilichapisha kwa vipimo mwaka 2012. Ukiwa na diski ya nje ya USB 3.0 imechomekwa jirani na adapta, Wi-Fi ya 2.4 inaweza kudhoofika kila unaponakili mafaili. Weka adapta upande wa pili wa laptopu, au tumia kebo fupi ya kurefusha USB uiweke mezani, nusu mita kutoka kwenye diski. Kebo hiyo haimo kwenye boksi. Inunue hata hivyo, kwa sababu inatibu udhaifu mkubwa wa umbo la adapta hii.

Udhaifu wenyewe ni huu: antena imetokeza. Ukiisahau kwenye tundu na kuitia laptopu kwenye begi, ukapanda daladala ya Ngaramtoni au Kiboriloni, mkandamizo wote unaangukia tundu la USB lililochomelewa kwenye ubao mama. Tundu likilegea, adapta itakata kila ukiigusa meza, na kulitengeneza ni kazi kubwa kuliko kubadilisha kadi ya Wi-Fi. Kwa laptopu inayokaa mezani ofisini hili halina shida. Kwa mwanafunzi wa chuo anayehama darasa kila saa, ni sababu ya kutosha ya kufikiria njia nyingine. Ichomoe kila unapofunga laptopu.

Vile vidogo kama ukucha vipi? TL-WN725N, ya kampuni hiyohiyo, inakaa kwenye tundu bila kuonekana na bei yake iko chini. Lakini ni ya 2.4 GHz pekee, mkondo mmoja, megabiti 150. Inafaa pale tu kadi ya ndani imekufa kabisa, ruta iko chumba hichohicho, na mitandao ya majirani siyo mingi. Kama kadi yako ya ndani iko hai na inakata kwa sababu ya msongamano, utakuwa umebadilisha jina tu, tatizo limebaki palepale.

Adapta zisizo na jina, zenye boksi jeupe limeandikwa 600Mbps au 1300Mbps, ziache isipokuwa muuzaji yuko tayari kuichomeka mbele yako. Baadhi yake zikichomekwa hujitokeza kwanza kama diski ya CD yenye draiva ndani, na mtu anadhani amepewa flashi. Hilo peke yake siyo ubovu: fungua hiyo CD, weka draiva, kisha uitoe kwa Eject. Ubaya ni kwamba namba kubwa kwenye boksi huenda ni jumla ya bendi zote mbili, au kifaa hakina 5 GHz kabisa. Andika netsh wlan show drivers na usome mstari wa Radio types supported. Kama haina 802.11ac wala 802.11a, hiyo ni ya 2.4 tu, boksi liseme litakavyo.

Mshindani wa kweli wa T3U Plus yuko ndani ya laptopu. Kwa mashine kama ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 au Latitude 7490, ambazo zimejaa kwenye maduka ya mtumba, kadi ya Wi-Fi ni kipande kidogo cha M.2 cha ukubwa wa 2230, kimeshikwa na skrubu moja. Kuiondoa Intel 8265 ya zamani na kuweka Intel AX200 au AX210 kunakupa Wi-Fi 6, Bluetooth mpya, na hakuna kitu kinachotokeza. Kwa laptopu ya aina hii, kama unaweza kuipata kadi halisi, hiyo ndiyo hela iliyotumika vizuri zaidi, na hatuoni sababu ya kupendekeza USB.

Ila mfahamu fundi wako, na umuulize maswali kabla hajashika bisibisi. Je, anajua tofauti ya AX200 na AX201? Zinaingia kwenye tundu linalofanana, lakini AX201 hutegemea sehemu iliyojengwa ndani ya prosesa na chipseti za Intel za karibuni. Kwenye T480 au kwenye laptopu ya AMD haitafanya kazi. Je, laptopu ni ya zamani mno? HP na Lenovo za miaka ya nyuma zilikuwa na orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha laptopu. Ukiweka kadi nje ya orodha, ThinkPad inagoma kuwaka na kuonyesha 1802: Unauthorized network card is plugged in, na HP inaonyesha 104-Unsupported wireless network device detected. Hapo adapta ya USB ndiyo mkombozi, kwa sababu BIOS haiijali. AX200 na AX210 pia zinataka Windows 10 ya biti 64 au mpya zaidi; anayeng'ang'ania Windows 7 zimempita, wakati T3U Plus bado ina draiva za Windows 7.

Kazi yenyewe ikifanyika, betri itenganishwe kwanza. Nyaya za antena zivutwe juu moja kwa moja kwa kifaa chembamba, zisipindwe, na zikirudishwa zibonyezwe hadi zisikike zikibana. Vishikizo vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele na havikutengenezwa kufunguliwa mara kwa mara. Laptopu ikifungwa, kabla hujalipa, rudia ile netsh wlan show interfaces karibu na ruta ya fundi. Chini ya asilimia 85, mwambie afungue tena.

Wanaotumia Linux wana swali lao. T3U Plus tunayoizungumzia ina chipu ya Realtek RTL8812BU, na kiini cha Linux (kernel) kuanzia toleo 6.2 kimeitambua familia hiyo bila kutafuta draiva pembeni. Ubuntu 24.04 inakuja na 6.8, kwa hiyo unachomeka na kuendelea. Kwenye Ubuntu ya zamani yenye kiini cha 5.15 utalazimika kujenga draiva mwenyewe, na kila kiini kikisasishwa huenda ukairudia kazi. Pandisha mfumo kwanza. Ukiandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, tafuta 2357:0138. Namba ikiwa nyingine, soma kuhusu chipu hiyo kabla hujamlaumu muuzaji.

Dukani, nenda na laptopu yako na simu yenye uwezo wa kutoa hotspoti ya 5 GHz. Washa hotspoti, ichague 5 GHz kwenye mipangilio ya simu, kisha muombe muuzaji aichomeke adapta palepale. Zima kadi ya ndani kama tulivyoeleza, unganisha, na uangalie mstari wa Radio type useme 802.11ac. Halafu endesha ping -t kwenda anwani ya simu (ile ya Default Gateway) kwa dakika kumi huku ukitembea hadi mlangoni na kurudi. Omba risiti yenye namba ya serial iliyo kwenye adapta, siyo ya boksi peke yake, na mkubaliane kwa maandishi siku ngapi anaipokea ikigoma. Nyumbani, endesha tena yale madirisha mawili ya ping usiku, saa ambazo majirani wote wako mtandaoni, kabla siku hizo hazijaisha.